Utrasaundi ya kando ya kitanda kwa mabingwa wa magonjwa ya ndani: mwaka wa feloshipu ujazwe nini hapa Dar?

Mzizima_Ndani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa madaktari wa magonjwa ya ndani, rezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa), masonografa, mafundi wa vifaa tiba na wote wanaoshika probu (kile kishikio cha mashine kinachowekwa mwilini) wodini. Tujadili jambo moja: hospitali ya rufaa hapa Dar ikitaka kuanzisha feloshipu ya mwaka mmoja ya utrasaundi ya kando ya kitanda, yaani daktari anampima mwenyewe mgonjwa wake pale alipolala, kwa daktari aliyemaliza MMed (shahada ya ubingwa) ya magonjwa ya ndani, mwaka huo ujazwe nini?

Naanza na msimamo wangu ili muupime. Kazi hii inasimama kwenye kikao cha kupitia picha. Mwanafunzi anapima, anaandika anachoona, kisha kila wiki anakaa na mwalimu, klipu moja baada ya nyingine, wanalinganisha na kilichothibitika baadaye: CT, eko (utrasaundi ya moyo) kamili ya JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ripoti ya radiolojia, au maji yenyewe yaliyotoka kwenye sindano. Pasipo kikao hicho mtu anaweza kurudia kosa lile lile mwaka mzima huku akizidi kujiamini. Hospitali isiyo na mtu wa kuongoza kikao hicho isianze, hata ikiletewa mashine mpya kumi.

Kozi za siku mbili zina faida yake, ila huko unampima mtu mwenye afya, mwembamba, anayejigeuza akiambiwa. Mgonjwa wetu amekaa wima kwa sababu hawezi kulala, tumbo limejaa, jasho linamtoka. Na feloshipu lazima imtoe mtu wa kufundisha wenzake: anayeweza kumwambia rezidenti kwa nini picha imetoka mbaya na probu aisogeze wapi.

Rasimu yangu ni hii. Miezi mitatu ya kwanza mapafu, maji kwenye pleura (utando unaozunguka mapafu), maji tumboni, figo, kibofu na vena za miguu. Mitatu inayofuata moyo na vena kava ya chini (mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo kutoka chini), na angalau nusu siku kwa wiki kwenye chumba cha eko. Nusu ya pili ya mwaka mwanafunzi anaanza kuongoza kikao cha picha mwenyewe huku mwalimu amekaa pembeni, anafundisha rezidenti, anafanya utafiti mdogo mmoja. Wiki iwe na siku tatu za kupima wodini na dharura, nusu siku radiolojia, nusu siku ya kikao cha picha ambayo haifutwi kwa sababu ya raundi wala semina.

Kuhusu idadi, chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ACEP, kinataka vipimo 25 hadi 50 vilivyokaguliwa kwa kila eneo. Mimi naichukulia 25 kama sakafu kwa maeneo mepesi kama maji tumboni, na 50 kama mwanzo tu kwa moyo. Vipimo visivyo na picha iliyohifadhiwa visihesabiwe kabisa.

Nakaribisha hoja, hasa penye kasoro.

---

Probu5MHz

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi ni sonografa, naomba wiki mbili za kwanza zisiwe na mgonjwa mahututi hata mmoja. Ziwe za mashine tu. Makosa mengi ninayoyaona kwenye picha za madaktari hayatokani na kutojua anatomia, yanatoka kwenye vitufe.

Probu kwanza. Ya bapa, megahezi 5 hadi 12 hivi, ni ya vitu vya juu: vena, mstari wa pleura, vidoa kwenye wengu. Iliyopinda, 2 hadi 5, ni ya tumbo na mapafu ya chini. Ya moyo ina uso mdogo unaopita kati ya mbavu. Megahezi zikipanda picha inakuwa kali lakini haifiki mbali, zikishuka inafika mbali lakini inakuwa nzito. Mtu anayetafuta figo ya mgonjwa mnene kwa probu bapa anajitesa bure.

Kisha kina. Anza na kina kikubwa uone mazingira yote, halafu punguza mpaka unachokitafuta kijaze theluthi mbili za skrini. Moyo uanze na sentimita 15 hadi 18 ili aota (ateri kuu ya mwili) inayoshuka nyuma ionekane. Ukianza na 10 utakosa maji yaliyoko nyuma ya moyo.

Geini, yaani mwanga wa picha nzima: damu na mkojo viwe vyeusi. Kibofu kikionekana cha kijivu, geini iko juu. Na kabla ya yote, zile swichi ndogo za kando za kurekebisha mwanga kwa kila kina zirudishe katikati, maana aliyetangulia aliziacha alivyotaka yeye. Hili linaharibu picha nyingi sana na watu wanalaumu probu.

La mwisho, alama ya probu. Kwenye tumbo na mapafu, kitone cha skrini kiko kushoto, alama ielekee kichwani au kulia kwa mgonjwa. Kwenye moyo, madaktari wa moyo huweka kitone kulia, na kwa mkato mrefu wa kando ya kidari alama inaelekea bega la kulia la mgonjwa. Madaktari wengi wa dharura wanaacha kitone kushoto na kugeuza probu. Picha inatoka ile ile kama ukifuata moja, ila ukichanganya inatoka imegeuka. Idara ichague mfumo mmoja na kuuandika ukutani. Mimi nashauri wa madaktari wa moyo, kwa kuwa picha zitalinganishwa na za eko kamili.

---

Chole_Rezi

Dkt. Mzizima, shukrani sana. Naomba wataalamu wanifafanulie mapafu. Mistari B, ile miale ya wima kwenye picha ya pafu, inafundishwa kana kwamba ukiiona tu unaandika furosemide (dawa ya kutoa maji mwilini). Wagonjwa wetu wengi wamewahi kuugua TB, wengine wana nimonia juu ya moyo mbovu. Tunatofautishaje?

---

Dkt_Kisutu

@Chole_Rezi swali zuri, na ndilo linalotenganisha feloshipu na kozi fupi.

Kwanza uhakikishe ni mistari B kweli. Inaanzia kwenye mstari wa pleura, inashuka wima mpaka chini ya skrini bila kufifia, inafuta mistari A, na inatembea pamoja na pafu linapoteleza. Kamstari kafupi kanakofifia baada ya sentimita mbili tatu si mstari B. Mistari A ni ile ya mlalo inayojirudia kwa umbali sawa na kutoka ngozi hadi pleura. Yenyewe inasema tu kwamba chini ya pleura kuna hewa, haisemi pafu ni zima.

Zima harmoniki, zima kompaundi na kila kinacholainisha picha. Programu za mashine zimetengenezwa kuondoa vivuli na miale ya aina hii, na kwenye pafu miale hiyo ndiyo habari yenyewe. Ukipima pafu kwa mpangilio wa tumbo, mistari B inaweza kupungua mbele ya macho yako.

Gawa kifua maeneo manane: kila upande mawili mbele, mawili ubavuni. Eneo ni chanya likiwa na mistari B mitatu au zaidi katika nafasi moja ya kati ya mbavu. Maeneo mawili au zaidi yakiwa chanya pande zote mbili, una hali ya maji au ugumu kwenye tishu za pafu. Hapo ndipo makubaliano ya kimataifa ya 2012 yanapokufikisha. Sababu unaitafuta mwenyewe.

Maji ya moyo: pande zote mbili, mingi zaidi chini kuliko juu, mstari wa pleura ni mwembamba na laini, pafu linateleza vizuri, mara nyingi kuna maji kidogo kwenye pleura kulia na kushoto. Nimonia: upande mmoja au madoa madoa, pleura imekwaruzika, chini yake kuna vipande vyeusi visivyo na hewa, kuteleza kumepungua. Kovu la TB: mistari B imejikusanya sehemu moja, mara nyingi juu, pleura nene isiyo sawa, na mgonjwa ana historia. Hiyo haitaondoka kwa furosemide hata ukimpa chupa nzima. Baada ya hapo nenda kwenye moyo na vena kava ndipo uamue. Pafu pekee lisiamue.

Na tahadhari kuhusu numothoraksi, yaani hewa iliyonaswa nje ya pafu. Pafu lisiloteleza halithibitishi numothoraksi. TB ya zamani inagandisha pleura na pafu halitelezi kabisa. Mgonjwa aliyewekewa bomba likaingia bronkasi ya kulia, pafu la kushoto halitelezi. Malengelenge makubwa ya pafu, vilevile. Kinachothibitisha ni ile sehemu ambapo kuteleza kunaonekana na kupotea kwa kila pumzi, mpaka kati ya pafu na hewa. Na ukiona pleura ikidundadunda kwa mapigo ya moyo, hapo mahali hakuna numothoraksi hata kama haitelezi.

Mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, ACP, wa 2021, unashauri utrasaundi hii iongezwe kwenye vipimo vya kawaida pale mgonjwa ana kubanwa pumzi kwa ghafla na sababu haieleweki. Neno ni iongezwe. Eksirei na kusikiliza kifua vinabaki.

---

Chole_Rezi

Nimeelewa vizuri sana, Mungu akubariki. Na kutoa maji kwenye pleura? Kwetu mgonjwa huenda radiolojia, anachorwa alama ya X, anarudi wodini tunachoma.

---

Dkt_Kisutu

Hiyo X ni hatari, ndugu yangu. Radiolojia alipimwa amekaa ameinama mbele, wodini amelazwa nusu, ngozi imehama na maji yamehama. Kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) nacho kimepanda. Anayechoma ndiye apime, mgonjwa akiwa kwenye mkao ule ule, na sindano iingie papo hapo bila mgonjwa kusogea.

Hatua zenyewe: probu iliyopinda, mstari wa nyuma wa kwapa, alama kichwani. Tafuta kiwambo kwanza. Usiposema kwa uhakika "hiki ni kiwambo, hili ni ini" au "huu ni wengu", usiendelee. Maji yakiwepo, uti wa mgongo unaendelea kuonekana juu ya kiwambo, kwa kuwa mawimbi yanapita kwenye maji. Pafu lenye hewa lingeufuta. Kisha hesabu unene wa maji wakati wa kuvuta na kutoa pumzi. Wengi hutaka angalau sentimita 1 hadi 1.5 kwenye njia ya sindano. Pima pia umbali wa ngozi hadi maji, ujue utaona maji sindano ikifika wapi. Badilisha uchukue probu bapa, uweke dopla ya rangi (inayoonyesha damu inayotembea), uangalie ateri ya kati ya mbavu. Kwa wazee inajipinda na kutoka kwenye maficho yake chini ya ubavu, hasa ukiwa karibu na uti wa mgongo. Choma juu ya ukingo wa juu wa ubavu, na ukae mbali na mgongo.

Kukadiria kiasi, kanuni ya Balik: mgonjwa amelala chali, kiwiliwili kimeinuliwa nyuzi 15, pima kwenye mstari wa nyuma wa kwapa umbali mkubwa kati ya pafu na ukuta wa kifua mwisho wa kutoa pumzi, kwa milimita, zidisha kwa 20, unapata mililita. Milimita 30 ni kama mililita 600. Haifai kwa aliyekaa wala kwa maji yenye kuta. Ukiona nyuzi na vyumba ndani ya maji, fikiria TB au usaha, na usitegemee sindano moja kumaliza. Kwa maji mengi simama kwenye lita moja na nusu, au mapema zaidi mgonjwa akianza kukohoa sana au kifua kumbana.

Kabla hujatoka, rudi mbele ya kifua uone kuteleza. Kama kulikuwepo mwanzo na sasa hakupo, unajua pa kuanzia. Ndiyo maana kuteleza kunapimwa kabla ya sindano na kuandikwa.

---

Mbagala_ICU

Wakuu, naomba niongeze nyama kwenye vena kava, kwa sababu rasimu imeipita haraka na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote.

Vipimo vinavyonukuliwa: kipenyo kisichozidi sentimita 2.1 na kunywea zaidi ya nusu mgonjwa akivuta pumzi kwa pua, shinikizo la atriamu ya kulia (chumba cha juu cha moyo upande wa kulia) liko chini, kama milimita 3 za zebaki. Zaidi ya 2.1 na kunywea chini ya nusu, liko juu, kama 15. Katikati ni katikati. Hayo ni kwa anayepumua mwenyewe. Kwa aliye kwenye ventileta mchezo ni mwingine.

Makosa: kuchukua aota ukadhani ni vena kava. Fuata mshipa mpaka uuone unaingia atriamu ya kulia na uone vena ya ini ikijiunga nao. Kosa la pili ni kuukata mshipa ubavuni badala ya katikati, unaonekana mwembamba na ukampa mtu maji asiyoyahitaji. Uone kwa urefu, kisha geuza nyuzi 90 uuone kwa mviringo. Kosa la tatu, tumbo lililojaa maji linaukandamiza. Kosa la nne, mgonjwa mwenye shinikizo kubwa la mapafu la siku nyingi atakuwa na vena nene hata akiwa amepungukiwa maji.

Na hakuna namba ya vena kava inayojibu "mpe lita au usimpe". Nakumbusha utafiti wa Lusaka uliochapishwa 2017: watu wazima wenye sepsisi (maambukizi makali yanayodhuru mwili mzima) na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU, waliofuata mpango wa kupewa maji mengi mapema walikufa asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida asilimia 33. Hao ni watu wanaofanana sana na wagonjwa wetu. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe mzunguko: angalia pafu na moyo, toa maji kidogo, rudi uangalie pafu. Mistari B mipya ikitokea mbele ya kifua, dripu isimame.

Vipimo vya msongamano wa vena kwa dopla ya ini, vena ya mlango wa ini na figo viachwe nusu ya pili ya mwaka. Asiyeweza kupata vena kava safi hana sababu ya kugusa dopla ya figo.

---

Mzizima_Ndani

@Mbagala_ICU nakubali, nitaipa wiki zake. Kwa upande wa moyo mimi ningebana maswali yawe manne: ventriko (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto inasukuma vizuri au vibaya, kuna maji kwenye utando wa moyo au hakuna, ventriko ya kulia imezidi au haijazidi, vena kava ikoje. Kupima ukali wa vali si kazi ya probu hii.

Ila vali zisipuuzwe, kwa sababu baridi yabisi ya moyo ipo sana kwetu. Kipimo cha umbali wa jani la mbele la mitrali (vali ya upande wa kushoto wa moyo) hadi ukuta wa kati kinafundishwa hivi: ukizidi milimita 7, moyo unasukuma vibaya. Sasa mgonjwa mwenye mitrali iliyoziba, jani halifunguki vizuri, umbali unazidi, na moyo unasukuma sawasawa. Aota inayovuja inaleta kosa hilo hilo. Ukiona jani la mbele limepinda kama fimbo ya magongo, acha kipimo hicho, andika "vali si ya kawaida" na upeleke eko kamili.

Maji kwenye utando wa moyo: yakipita mbele ya aota inayoshuka ni ya moyo, yakibaki nyuma yake ni ya pleura ya kushoto. Weusi wa mbele pekee unaweza kuwa mafuta. Atriamu ya kulia ikidondoka ndani wakati wa sistoli (moyo unapobana), ventriko ya kulia wakati wa diastoli (moyo unapolegea), na vena kava ikajaa bila kunywea, huyo presha ipimwe sasa hivi na mtaalamu wa kutoa maji aitwe. Na ventriko ya kulia kubwa isiandikwe mara moja kuwa bonge la damu kwenye mapafu. Mapafu yaliyoharibiwa na TB yanaikuza polepole, na ukuta wake huwa mnene. Ukuta mwembamba unaelekea kwenye tatizo la ghafla.

---

Bint_Magomeni

Mmesahau kipimo ambacho kwa Dar kingekuwa cha kwanza kwenye orodha: FASH, utrasaundi ya kutafuta TB kwa mtu anayeishi na VVU. Mgonjwa ana CD4 (seli za kinga) za chini, amekonda, homa, makohozi hayatoki. Ndani ya dakika kumi unaangalia sehemu hizi: utando wa moyo, pleura kulia na kushoto, maji tumboni, halafu matezi ya tumboni, wengu na ini.

Tezi kando ya aota au kwenye mlango wa ini zinazozidi sentimita 1.5 zinahesabiwa. Kwenye wengu unatafuta vidoa vyeusi vidogo, vingi vikiwa chini ya sentimita moja. Kwa probu iliyopinda vinapotea kabisa, wengu unaonekana mzuri. Badilisha uweke probu bapa, kina kifupi, pitisha polepole kati ya mbavu. Watu wengi wanaoandika wengu ni wa kawaida hawakubadilisha probu.

FASH chanya siyo hati ya TB. Limfoma (saratani ya matezi), majipu ya bakteria na saratani ya Kaposi vinaweza kufanana nayo. Ichanganywe na vipimo vya TB vya maabara, LAM ya mkojo na Xpert, maji yakipatikana yachukuliwe yapimwe. Thamani yake ni kwamba mgonjwa mahututi haachwi siku tano akisubiri kitu kisichokuja. Naomba vipimo 50 vya FASH viingie kwenye rasimu, @Mzizima_Ndani, na angalau 10 viwe na kilichoonekana kweli, kwa sababu hamsini za kawaida hazimfundishi mtu kidoa kinafananaje.

---

Mzizima_Ndani

@Bint_Magomeni hoja imekubalika dada, tena hilo la kudai vipimo vyenye ugonjwa ndani yake nitaliweka kwa kila eneo.

---

FundiVifaaTiba

Wakuu, mimi ni wa karakana, nitaongea ya karakana.

Probu ni kitu kinachovunjika bila kuonekana. Ikianguka mara moja kwenye sakafu ya terazo baadhi ya vipande vya ndani vinakufa, unaona mstari mweusi wima unaoanzia juu kabisa ya picha, na hauhami hata ukihamisha probu. Jipimie mwenyewe kila mwezi: futa probu ikauke, bila jeli, ongeza geini, chukua klipu ya karatasi uipitishe taratibu kutoka ukingo hadi ukingo. Kila mahali klipu inapogusa panapaswa kung'aa. Pasipong'aa pamekufa. Kwa probu bapa na iliyopinda inafanya kazi vizuri, ya moyo ni ngumu kuisoma hivyo. Kebo isikanyagwe na magurudumu ya troli, ndicho chanzo cha probu nyingi ninazoletewa.

Umeme: mashine ya troli iwe na UPS yake, na betri yake isiachwe kuishia kabisa kila siku. Joto la Dar linachosha betri. Za mkononi zinapata moto na kujizima katikati ya kipimo, hasa ukiziacha zinawaka wakati unaongea na mgonjwa. Bonyeza kusimamisha picha kila unapopumzika. Kabla ya kununua ya mkononi uliza pia ada ya mwaka ya programu, baadhi zinayo, isipolipwa unapoteza sehemu ya kazi zake. Na hata zikiwa za msaada, vifaa tiba kuingia nchini vinapitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Anzeni na hilo kabla mzigo haujafika bandarini.

Usafi. Futa jeli yote kwanza, dawa haifanyi kazi kupitia jeli. Kisha futa kwa dawa iliyomo kwenye orodha ya mtengenezaji wa probu hiyo, subiri muda ulioandikwa, acha ikauke. Spiriti ya asilimia 70 inapasua uso wa baadhi ya probu. Jik isikaribie.

Jeli ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Galoni ya lita 5 inafunguliwa, chupa ndogo inaongezwa juu ya jeli ya zamani wiki hadi wiki. Bakteria wa Burkholderia cepacia wamewahi kuleta milipuko hospitalini kupitia jeli. Chupa isiongezwe juu kwa juu. Ikiisha ioshwe, ikaushwe kabisa, ijazwe kidogo, iandikwe tarehe. Na kwa kila kazi ya sindano, jeli iwe ya pakiti moja tasa na probu ivishwe kifuniko tasa.

---

Chole_Rezi

Na vena za miguu, kutafuta bonge la damu? Inatosha kubonyeza sehemu mbili?

---

Mbagala_ICU

Kanda mbili, lakini siyo nukta mbili. Kinena: anza juu ya makutano ya vena safena kubwa na ya paja, bonyeza kila sentimita moja ukishuka mpaka vena ya paja igawanyike. Nyuma ya goti: anza juu ushuke mpaka igawanyike matatu. Kuta za vena lazima zigusane kabisa, na nguvu ya kubonyeza itoshe kuanza kubadilisha umbo la ateri ya jirani. Bila hivyo hujabonyeza. Tezi ya kinena inafanana na vena yenye bonge. Igeuze kwa urefu: tezi ina mwisho, mshipa unaendelea. Muundi haujapimwa hapo, kwa hiyo kama dalili ni nzito na kipimo ni hasi, rudia ndani ya wiki.

---

Picha_na_Ripoti

Nimesoma kimya mpaka hapa, niseme kwa upande wa radiolojia. Siipingi feloshipu hii. Ninachoomba ni mipaka iandikwe kabla mwanafunzi wa kwanza hajaanza.

Kipimo cha kando ya kitanda kinajibu swali la ndiyo au hapana. Mawe ya nyongo, uvimbe wa ini, kongosho, ripoti ya ujauzito, vije kwetu. Mkikuta kitu msichokitafuta, mfano uvimbe kwenye figo, kiandikwe na mgonjwa aletewe kipimo kamili. Mgonjwa aambiwe kwa maneno mepesi, "mama, nimeangalia maji kwenye mapafu tu, sijaangalia tumbo lote." Wengi hutoka wakiamini wamepimwa kila kitu, na kipimo kamili hawakifuati tena.

Noti iwe na mistari michache: swali lilikuwa nini, maeneo gani yameonekana, nini hakikuonekana, jibu, na kilichobadilika kwenye matibabu. Ubora wa picha upewe alama 1 hadi 5 kama wanavyofanya ACEP. Chini ya 3 haitoi jibu, ni kuandika "haikuonekana vya kutosha" na kuagiza kingine.

Na picha zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na jina na namba ya faili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Zima jina kwenye skrini kabla ya kuhifadhi klipu ya kufundishia, na klipu halisi ibaki kwenye mfumo wa hospitali, siyo kwenye simu ya daktari.

---

Dkt_Kisutu

@Picha_na_Ripoti hapo kwenye kilichobadilika kwenye matibabu naunga mkono kwa asilimia zote. @Mzizima_Ndani, mtihani wa mwisho utakuwaje? Maswali ya kuchagua jibu hayatoshi.

---

Mzizima_Ndani

Nafikiria vitanda vitano, wagonjwa halisi waliokubali, dakika 12 kila kimoja, watahini wawili, mmoja wao atoke nje ya hospitali. Kitanda kimoja mapafu, kimoja moyo, kimoja FASH, kimoja mkono wa mtahiniwa unamwongoza rezidenti asiyejua kitu bila yeye kushika probu. Cha tano ni mgonjwa ambaye madirisha yake ya moyo (sehemu za kuuona moyo kati ya mbavu) ni mabaya kweli, na jibu sahihi ni kusema hayaonekani na kuagiza eko. Anayelazimisha jibu kwenye kitanda hicho anarudia, hata akipata vyote vingine. Kabla ya mtihani, mwalimu achukue klipu 30 kutoka kwenye daftari lake bila kumwambia zipi, zisomwe upya na mtu ambaye hakuziona mwanzo.

@Picha_na_Ripoti, huyo wa kuzisoma upya mnaweza kututolea mmoja kutoka radiolojia?

---

Picha_na_Ripoti

Inawezekana, kwa sharti kwamba nusu siku ile ya radiolojia mwanafunzi anakuja kweli, saa mbili kamili asubuhi, na anapima kwa mikono yake mbele ya sonografa.

---

Probu5MHz

Aje na probu bapa akilini. Nitaanza naye kwenye wengu.